Kengele ya Figo, Wodi ya Mifupa

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya wodini imeanza kupiga kengele. Kipimo cha damu kikionyesha figo za mgonjwa zinalegea, inalia na skrini inakuwa nyekundu. Kelele tupu! Zamani mtu wa maabara alikuwa akipiga simu, anawajulia hali watoto wangu kwanza, ndipo anataja figo. Nami nilikuwa nimeshajua, kwa kuuinua mfuko wa mkojo dirishani. Madaktari walikuwa wakiniuliza mimi, muuguzi. Nazikumbuka sana siku zile.

Jumanne, 5 Machi
Kaletwa matroni mstaafu, aliyenifundisha kazi. Kavunjika nyonga. Machozi yalinilengalenga. Viatu vyake vikisikika koridoni, wodi nzima ilikuwa inanyooka. Nimeapa kumhudumia kwa mtindo wake mwenyewe. Nimebandika plasta nene kwenye spika ya kompyuta. Raha iliyoje, kimya kama zamani.

Jumatano, 6 Machi
Nimeuinua mfuko wake dirishani mbele ya wauguzi wapya, nikatangaza figo ziko imara. Punde si punde kaingia mfamasia, yule tunayemwita Miwani, anahema. Kumbe taarifa inakwenda na kwenye simu yake! Kasema figo za mama matroni zinazidiwa, na vidonge vya maumivu ninavyompa ndivyo vinavyozimaliza. Kavisimamisha, kamwita daktari, dripu ikatundikwa. Nikamwambia mkojo nimeuona kwa macho yangu. Akauliza mbona haujaongezeka tangu asubuhi. Kiburi kitupu.

Alhamisi, 7 Machi
Mama kalala tu, uso umevimba. Sikubanduka kitandani pake zamu nzima. Nimemsimulia enzi zetu, birika la chai mezani, yeye akikagua shuka kwa kidole. Naogopa.

Jumamosi, 9 Machi
Mkojo umerudi! Daktari kasema figo zinapona. Mama kaketi, kaniita mwanangu. Nikamkumbusha tulivyokuwa tukijua yote kwa macho. Akasema tulikuwa hatujui. Watu walikuwa wakifa kwa figo kimyakimya huku sisi tunakunywa chai, na mpaka leo nyuso zao anaziona. Akaniamuru nikaibandue plasta. Kumbe Miwani aliiona, kamwambia kila kitu.

Maskini, ugonjwa bado umemchanganya. Plasta nimeibandua, roho yake itulie. Ila kilichomponya ni kukaa naye na kumkumbusha zamani, hilo liko wazi. Jumatatu nitamwomba Miwani simu yake, nijitolee kumchajia. Plasta bado ninayo mfukoni.