Kiti cha Tatu cha Mchungaji Walubengo

Jumatatu, 4 Agosti

Baba na Mama wameanza kwenda kwa Mchungaji Walubengo, mshauri wa ndoa. Mimi nimeambiwa ni mkutano wa harambee. Harambee ya watu wawili! Hawajasemezana tangu Juni, na sanduku la Mama limetoka chini ya kitanda. Eti linapigwa jua. Kwao ni Muhoroni. Sipendi jua hilo.

Kwa sasa mimi ndiye posta. Leo Mama ameniambia nimwambie Baba ugali unapoa. Ujumbe mkavu mno kuokoa ndoa. Nikauboresha: Mama anasema moyo wake unapoa. Nilitarajia machozi. Baba akachukua kofia, akatoka. Ugali ukapoa kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Mchungaji huwaona mmoja mmoja kwanza, ndipo awaweke pamoja. Mmoja mmoja! Polisi hufanya hivyo wakitaka watu wachongeane. Leo ilikuwa zamu ya Mama. Nilijitolea kupanguza madirisha ya kanisa. La chumba chake lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Si kosa langu.

Mbele ya meza yake kuna viti vitatu vya plastiki. Mke, mume, na cha tatu ni cha Bwana, kwa sababu kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Sawa. Halafu akashusha sauti. Kwenu, Mama, kiti hicho kimekaliwa na mtu. Mama akapenga kamasi, akasema anamjua huyo mtu, tena anamlisha kwa mikono yake.

Nusura nianguke na ndoo.

Ijumaa, 8 Agosti

Ni Dolphine, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Hula kwetu kila baada ya mazoezi. Hucheka utani wa Baba, na utani wa Baba hauchekeshi hata kidogo.

Baba ametuma ujumbe: mwambie mamako nitachelewa, kuna lori gereji. Lori! Nikamwambia Mama kwamba Baba atachelewa, labda ni mazoezi ya kwaya na Dolphine. Nilitaka kuona uso wake tu. Niliuona. Akaanza kukunja nguo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sanduku liko mlangoni. Mama anasema kesho ataenda nalo kwa Mchungaji, na wakitoka huko anaenda kwao moja kwa moja. Nilienda Kisian kumkabili Dolphine kwenye kibanda chake cha samaki. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akaniuliza, "Sheryl, mbona umekonda hivi? Hukuli?" Nikarudi na ngege wawili wa kukaanga, wa bure. Hongo! Tamu, lakini hongo.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji ameniita ndani. Akanionyesha kiti cha tatu. Keti hapo, binti yangu. Nikauliza kwani Dolphine anachelewa. Wote watatu wakanitazama.

Mama akasema hakuwa amesikia mambo ya Dolphine mpaka Ijumaa, kutoka kwangu. Baba akasema hata yeye aliumia kuambiwa moyo unapoa.

"Moyo?" Mama akaruka. "Mimi nilisema ugali!"

"Ugali?"

"Ugali, Ooko! Yaani ulilala njaa juu ya moyo?"

Ooko! Sijawahi kumsikia akimwita Baba hivyo. Siku zote ni Baba Sheryl na Mama Sheryl. Mchungaji akapiga meza. Hiyo ndiyo shida, akasema. Mkiitana, mnamwita mtoto. Mkigombana, mnamtuma mtoto. Ondokeni na kazi moja: muitane majina yenu, Ooko na Dorca, muambiane wenyewe. Na wewe Sheryl, usibebe neno hata moja.

Nikaapa. Nikalia kidogo. Baba akabeba sanduku mpaka nyumbani, akalirudisha chini ya kitanda. Amenielewesha kabisa, huyu Mchungaji.

Jioni Mama aliita mwenyewe kutoka jikoni. "Ooko, kuja ukule!" Kimya. Baba alikuwa nje, redio juu. Mama akaita tena. Kimya. Nikaliona sanduku kwa macho ya moyo. Mtu aache ndoa ife kwa sababu ya redio?

Nikatoka polepole, nikamwambia Baba kwamba Dorca anauliza gari la mwisho la Muhoroni huondoka saa ngapi.

Alikimbia na kiatu kimoja mguuni. Walikula wakicheka, sahani moja.

Na sifa zote atapewa Walubengo.