Ombi la Mashine ya Vikombe Kuzikwa Bila Kufunguliwa

Kwa Bwana Kipkosgei,
Meneja wa Kiwanda.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: MASHINE YA KUOSHA VIKOMBE, CHUMBA CHA KUONJEA CHAI

Natumaini barua hii itakukuta umeketi na umeshakunywa chai. Mimi ni Vinny Kipkurui, karani wa chumba cha kuonjea chai, ambaye bado yuko kwenye miezi ya majaribio na ambaye barua yake ya kuajiriwa iko mezani kwako ikingoja sahihi. Naitaja barua hiyo kwa bahati tu.

Nimesikia kwamba fundi Ndung'u ataifungua mashine kesho saa nne. Kwa heshima kubwa, naomba asiifungue. Naomba ibadilishwe vile ilivyo, ikiwa imefungwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Ubora wake ni duni. Tangu Jumanne vikombe vinaingia na madoa ya chai na kutoka vikiwa vyeusi. Dada Cherotich, mwonjaji wetu, alionja chai ya daraja la kwanza, akatema, akaniuliza mbele ya wanunuzi, "Wewe Kipkurui, hii majani ilichumwa ama iliungua?" Watu walicheka. Mimi sikucheka.

2. Inatoa sauti kama mahindi yanayopukuchuliwa ndani ya debe. Ndung'u anasema kuna kitu kimekwama kwenye chujio. Mimi naamini hakuna kitu. Nimeamini hivyo tangu Jumanne.

3. Ndung'u ana kanuni yake: chombo ambacho hakijafika nusu ya umri wake hurekebishwa, kilichopita nusu hubadilishwa. Anadai mashine hii ya miezi minane ni mtoto. Lakini hakufikiria kazi. Inaosha vikombe mia tatu kwa siku. Nyumbani kwetu Kabianga tuna vikombe sita, na tunaviosha mara mbili kwa siku. Kwa hesabu ya nyumbani, basi, mashine hii ina miaka kumi na sita na miezi minane, na karibu itachukua kitambulisho. Kumfungua mtu wa umri huo mbele ya wafanyakazi ni kumvunjia heshima.

4. Birika la umeme na friji vimekaa kando yake na huenda vimeambukizwa. Birika lilitetemeka jana. Naomba vibadilishwe pia, pamoja na meza. Meza haina kosa, lakini iliona.

5. Mashine ikiuzwa, mnunuzi ataifungua. Ikitupwa, watoto wataifungua. Kwa hivyo naomba izikwe nyuma ya kuni za boila. Nitachimba mwenyewe Jumamosi, bila kudai ovataimu. Nimeshapima: futi sita zinatosha.

Nisalimie wote wa ofisi kuu, na madereva wa kubeba majani. Nisalimie hasa Mama yako kule Sigowet, umwambie maziwa lala ya mursik aliyotuletea, wageni waliyamaliza yote. Ukiona vyema, usimtajie mashine.

Ni mimi mtumishi wako,

Vinny Kipkurui

Tanbihi: Ndung'u hakungoja kesho. Ameifungua sasa hivi nikitafuta bahasha. Ametoa shingo ya kibuyu, vipande tisa, konzi mbili za mkaa na shanga kumi na nne. Mashine inaosha vizuri kabisa, kwa hivyo naondoa malalamiko yote, hata la meza. Jumanne uliponiagiza kile kibuyu cha mursik cha Mama yako kisafishwe, niliona haya kumwomba Cherotich, na kukisugua mwenyewe, mimi mwanamume, mbele ya wanunuzi, nilishindwa. Mashine haikuonekana kujali. Ule mkaa ambao Mama huupaka ndani ya kibuyu ndio Cherotich aliouonja.

Mlinzi anasema Mama yuko getini, amekuja kuchukua kibuyu chake. Alikipata siku ya harusi yake, miaka arobaini na moja iliyopita. Kwa kanuni ya Ndung'u kimepita nusu na kinafaa kubadilishwa. Naomba wewe ndiye umweleze kanuni hiyo. Mimi niko nyuma ya kuni za boila. Shimo nimeshaanza.