Sarafu Moja, Wakwe Wawili

Kasereka Bénit,
Mfanyabiashara wa vitunguu na mchele,
Bwera, Wilaya ya Kasese.

Kwa Msimamizi,
Mnada wa Mtandaoni wa Hazina za Mababu,
Kampala.

Ndugu Msimamizi,

YAH: PICHA MBILI ZILIZOZAA SARAFU MOJA

Natumaini wewe ni mzima na simu yako pia ni nzima, ingawa siku hizi imekataa kupokea namba yangu. Ndiyo sababu nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haina mahali pa kubonyeza ili kumzima mtu.

Nijitambulishe. Nilianza na beseni moja la vitunguu sokoni. Leo nanunua vitunguu vya Mubuku vikiwa bado shambani, nauza Bwera na ng'ambo ya mpaka. Sikusoma sana, lakini hesabu hainishindi. Nikiambiwa gunia lina kilo mia, najua lina tisini na mbili. Naeleza haya usije ukafikiri unaandikiwa na mtu asiyejua kuhesabu hadi mbili.

Ninaoa. Mchumba wangu ni Feresita, binti wa Karambi. Mbuzi wa mahari nilikwisha kuwapeleka wote isipokuwa wawili: mbuzi wa baba yake, Mzee Yosamu, na mbuzi wa mjomba wake, Mzee Jonan wa Kitswamba. Kwetu mbuzi wa mjomba si wa kuchezea. Asipofika, binti hatoki nyumbani. Hapo ndipo serikali ikafunga masoko ya mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mbuzi hata awe na afya kukuzidi wewe, havuki kizuizi cha polisi.

Nikiwa bado nawaza, nikaona tangazo lako: sarafu ya Kongo ya enzi za Wabelgiji, ya pembe sita, adimu, hali safi kabisa. Picha zilikuwa mbili, zimesimama bega kwa bega kama mapacha. Moja ina tembo anatembea. Nyingine ina namba 2, na mimi ni nani nibishane na namba? Nikawapelekea wazee simu. Wakavaa miwani moja kwa kupokezana. Mzee Yosamu akachagua ya tembo, kwa kuwa tembo ni mkubwa na yeye ndiye baba. Mzee Jonan akachukua ya namba, akasema mjomba ni wa pili na haoni aibu kuandikiwa. Wakakubali sarafu zisimame mahali pa mbuzi. Nilipandisha dau mpaka mtu wa mwisho akanyamaza, kisha nikagawa kwa mbili, nikaona kila moja imenigharimu chini ya mbuzi. Nililala tajiri.

Bahasha ikaja kwa basi. Sasa malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili usiyaruke.

1. Idadi. Ndani ya bahasha mlikuwa na sarafu moja. Niliikung'uta bahasha, nikaichana, nikamulika na tochi. Moja. Tembo yuko huku, namba 2 iko kule, wamepeana migongo kama mume na mke waliokosana. Kijana wako alipopokea simu yangu, mara ya kwanza na ya mwisho, alisema, "Bosi, hiyo ni mbele na nyuma." Najua sarafu ina mgongo. Hata mia tano yetu inao. Nilidhani kila moja ina mgongo wake. Mimi nikipiga picha gunia la vitunguu mbele, nikalipiga tena nyuma, nikakuwekea picha bega kwa bega na kukuita uje kuchukua, utakodi boda moja au mbili?

2. Tembo mwenyewe. Pichani ana mkonga, ana pembe, anang'aa kama dhahabu na ametulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Aliyefika ni wa rangi ya maharage yaliyoungua. Mkonga umelika, pembe hazipo, masikio ni ya kukisia. Mzee Yosamu alimsogeza kwenye miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu iko nguruwe?" Ndugu Msimamizi, Mzee Yosamu ni Msabato. Hata sufuria iliyosikia habari za nguruwe haivuki ua wake. Umenifanya nimpelekee baba mkwe nguruwe kwa mahari, tena wa shaba.

3. Ukubwa, na glavu. Pichani sarafu ilijaza simu nzima. Wazee waliipima kwa kiganja na kuridhika. Iliyofika, mtoto wa chekechea angeifumba mkononi na usijue kama ameshika kitu. Tena pichani ilishikwa na mkono uliovaa glavu nyeupe. Mzee Jonan ameuliza glavu iko wapi. Nami nakuuliza: mtu anayeuza mali yake mwenyewe anavaa glavu kuogopa nini, kama si alama za vidole?

4. Ndoa yangu. Hapa ndipo penyewe. Nguruwe alipoonekana, Mzee Yosamu alikataa upande wake, akataka namba. Mzee Jonan akasema namba ni yake tangu ikiwa ndani ya simu. Sasa wazee wawili wanagombea upande mmoja, na huo upande hauwezi kwenda popote bila mwenzake. Wanaloliafiki ni moja tu, kwamba mimi ni mwongo. Mzee Jonan alitamka mbele ya akina mama waliokuwa wakimenya mihogo: "Mukwe alituletea picha mbili na sarafu moja. Na sisi tutamulipa vile vile. Tutamupa Feresita picha ya mbele na picha ya nyuma. Mutoto mwenyewe atabaki hapa." Akina mama walicheka mpaka visu vikaanguka. Feresita hakucheka. Amenipa muda hadi kahawa ivunwe. Baada ya hapo, amesema, kuna mwalimu fulani ambaye mbuzi wake wanatembea kwa miguu.

5. Gharama ya kutafuta dawa. Niliipeleka sarafu kwa Muhammed, fundi wa kuchomelea, aichane katikati kama mkate, tembo kando na namba kando. Akaigeuza, akanitazama. "Mimi nakata mageti," akasema. "Wewe nenda kwa daktari wa macho." Soko zima la Bwera sasa linanisalimu kwa kuniuliza hali ya macho yangu.

Kwenye tangazo lako umeandika kwamba bidhaa hairudishwi na mnunuzi atumie macho. Niliyatumia. Ndiyo yaliyonisaliti. Kumbe yalikuwa yanakufanyia kazi wewe, bila mshahara.

Kwa hiyo naomba kwa heshima sarafu ya pili, ya tembo au ya namba, wazee watajua wenyewe. Ikiwa kweli haipo, basi mwenye glavu aje Karambi mwenyewe. Apige magoti mbele ya wazee wote wawili, awaeleze habari ya mbele na nyuma, na asije mikono mitupu; mbuzi wawili wanatosha, polisi wa kizuizi atajua namna ya kuongea nao. Na ikiwa hilo nalo ni gumu, usishangae siku nitakaposhinda mnada wako mwingine. Nitakulipa kwa kukutumia picha za nusu ya fedha, mbele na nyuma, nawe utajumlisha mwenyewe.

Barua hii nimeiandika pande zote za karatasi; ukiipiga picha, utapata picha mbili. Usidhani ni barua mbili. Jibu mara moja, inatosha.

Nisalimie wafanyakazi wote, mpiga picha wako, na yule kijana wa mbele na nyuma. Wasalimie pia walioshindana nami kwenye dau. Waambie waliponea chupuchupu.

Aliyehesabu vizuri akapata vibaya,

Kasereka Bénit

Nyongeza: Kabla sijaituma, wazee wote wawili wameingia kwangu. Walikuwa wakilala na sarafu kwa zamu, kila mmoja akishuku kwamba mwenzake ataichonga, na wamechoka. Wameamua ikae kwa mtu aliye damu ya wote wawili, naye ni Feresita. Feresita akawajibu kwamba hawezi kulinda mali ya wazee kwenye nyumba isiyo na kufuli, na kufuli la maana analolijua liko Bwera. Wamemleta mwenyewe, na sanduku lake. Sarafu iko juu ya kabati langu, tembo ameangalia chini kwa heshima ya Wasabato. Nimepiga hesabu mara tatu: mahari imelipwa, mke amefika, na mahari imerudi. Tafadhali usitume ya pili. Ikifika, kila mzee atachukua yake, halafu watakumbuka mbuzi.

Jambo lingine. Mdogo wangu Sosthène anachumbia Kitswamba, na kule wanaodai ni watatu: baba, mjomba na shangazi. Nimeona kwenye mnada wako sarafu yenye picha tatu, mbele, nyuma na ubavu. Niwekee hiyo. Picha usizibadilishe hata kidogo. Glavu pia ibaki.