Ombi la Kusimamisha Vita kwa Saa Moja ili Nisikie Injini Yangu

Kinindo, Bujumbura
Mwezi wa Shaabani

Ndugu Mhariri,

Nakutumia salamu zote unazozijua, chagua inayokufaa. Mimi ni Hamood, muuza vitambaa, mtu wa dunia. Dubai nimefika mara mbili, na mara ya pili walinikubalia kutoka nje ya uwanja wa ndege. Shule nilifika darasa la saba, na la tano nililirudia kwa kulipenda. Nakuandikia wewe kwa sababu gazeti lako linafika pande zote mbili za vita hivi: waheshimiwa wa jeshi hulinunua, na waheshimiwa wa milimani hufungiwa karanga ndani yake. Tafadhali uiweke barua hii kwenye ukurasa ambao wauza karanga hupenda kuuchana.

Shida yangu ni gari. Nina Toyota nyeupe, gari la heshima, halijawahi kulala nje. Sasa linalia. Si bomba la moshi wala tairi. Ni mlio mwembamba, iiiiiii, kama mbu aliyenaswa ndani ya filimbi. Na Ijumaa ijayo binti yangu Nura anaolewa Mutanga Nord, juu kaskazini mwa mji, nami tangu siku aliyozaliwa nimejisifu kwa kila mtu kwamba nitampeleka kwa mumewe mimi mwenyewe, mikono yangu juu ya usukani. Bahati mbaya nilimpa lifti mkwe wetu, Mzee Nasor, baba wa bwana harusi, akausikia huo mlio. Jana ametuma neno, la adabu sana: "Hamood ndugu yangu, usijisumbue, tutaleta gari letu, hilo lako lisije likamzimikia bibi harusi njiani." Mimi nikae nyuma, kwenye gari la wakwe, kama kapu la sambusa? Apana. Apana kabisa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wangu, Twalibu wa Buyenzi, ndiye mwenye sikio bora mji huu. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, anakuambia injini imekula nini jana. Lakini siku hizi kila akifumba macho, huko juu milimani: bum! Fundi yuko chini ya gari. Mara ya kwanza nilifikiri amegundua kitu, nikamshikia taa. Nikamuuliza, "Umeona nini?" Akajibu, "Nimeona sitoki." Ndugu Mhariri, kazi haifanyiki hivyo.

2. Gari lenyewe lina ujanja. Kinindo halilii. Buyenzi halilii. Twalibu akiliendesha peke yake, kimya kabisa, mpaka ananitazama kama mtu aliyempeleka mtoto mzima hospitali. Linaanza tukishapita soko kuelekea kaskazini. Linazidi tukikaribia barieri, pale askari wanapokagua magari. Askari akiinua mkono, ndipo linaimba. Twalibu amebadilisha mkanda, amebadilisha beringi, amefungua na kufunga hata redio. Basi, kisayansi, ugonjwa uko barieri. Lakini barieri hawapendi mtu afungue boneti na kuingiza kichwa pamoja na chuma kirefu. Twalibu alijaribu. Akaeleza kwamba anasikiliza. Wakamuuliza anamsikiliza nani. Hapo tulikaa sana.

3. Kila mtu sasa amekuwa fundi. Jirani yangu Mirindi, Mkongomani, mcha Mungu, aliliwekea gari mikono akaliombea huku taa zimewaka, mpaka betri ikaisha. Nilisema amina, ni jirani mwema. Lakini mlio uko palepale, na betri ndiyo haipo.

4. Sasa tufike kwenu, waheshimiwa. Mi siingilii siasa. Nani aliyeanza na nani anayestahili kuacha, nyinyi ni watu wazima. Nasema tu kwamba nyinyi mna kelele na gari langu lina kelele, na kelele mbili hazichunguziki kwa pamoja. Ya kwangu ni ndogo, haina hata risasi. Ndogo ipishwe.

Kwa hiyo naomba saa moja. Alhamisi, baada ya alasiri. Bunduki zilazwe chini polepole, zisigongane. Helikopta itue. Mbwa sijui wako upande gani, lakini anayewajua awaambie. Sisi tutapanda taratibu mpaka Mutanga, Twalibu kando yangu na bisibisi yake. Nikipiga honi, kila mtu yuko huru kuendelea na alichokuwa akifanya. Na ambaye hatajisikia kuendelea, pilau ni Ijumaa, aje, ila chuma akiache nyumbani.

Wasalimie wote kazini kwako, pamoja na yule wa mlangoni aliyenifukuza na gari langu, nimeshamsamehe. Msalimie mama watoto, na wapiga chapa wenye mikono myeusi.

Ni mimi ninayengoja kimya chenu,
Hamood, baba wa bibi harusi

Nyongeza: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Leo asubuhi nilikuwa nakuletea barua hii, mke wangu Kaltum kando yangu, mafuta yakatuishia kwenye mteremko wa kwenda barieri. Injini ikazima. Gari likawa linateremka lenyewe, na mlio ukaendelea: iiiiiii. Nikasema, "Mama Nura, umeshuhudia? Injini imekufa na bado inalia, hili ni jini!" Mama Nura akanitazama, akanyoosha mkono, akanibana pua. Mlio ukakatika. Akaachia, ukarudi. Akabana tena, ukakatika. Tukafika barieri hivyo hivyo, pua mkononi mwa mke. Askari wa zamu, anaitwa Gélase, akainama dirishani akasema, "Kumbe ni wewe, mzee? Hata mimi hulia hivyo zamu yangu ikianza."

Mzee Nasor amekwisha kuarifiwa kwamba gari ni zima. Nura nitampeleka mimi, na mama yake atakaa mbele, karibu na pua.

Kwa hiyo ombi la saa moja nalifuta. Twalibu anasema spea za mtu hana, na kwamba mtu hupona polepole kuliko gari. Waheshimiwa, saa moja haitatosha. Anzeni na mwaka, halafu mimi nitawaambia kama pua bado inalia.