Nusu Yangu ya Shamba la Malisho

Jumatatu, 3 Machi
Baba Mkwe ametangaza kwamba magoti yake yamegoma na zizi la ng'ombe linataka msimamizi mpya. Wagombea wawili: mimi, na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Huyo ni kinyozi. Kinyozi! Kazi yake kunyoa, si kuotesha. Shamba limegawanywa nusu kwa nusu, na kila mmoja amechotewa mbegu za nyasi za malisho kutoka gunia moja. Ambaye nusu yake itaota vizuri atachukua zizi pamoja na nyumba ndogo ya mbele. Sisi tunalala stoo, na magunia ya pumba. Mke wangu tayari amekwenda kupima madirisha ya ile nyumba, ashone mapazia. Nimemwambia apime bila wasiwasi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepanda. Mbegu zenyewe nyepesi mno, ukipiga chafya umezipoteza. Kwa hiyo nimezifukia kina cha kiganja kizima, ndege wasizione. Nikamwaga maji mpaka udongo ukawa uji. Juu nikatandika nailoni nyeusi, zipate joto. Mke wangu akauliza kama napanda nyasi au napika wali. Kinyozi yeye kazitupa juujuu kama anayetia chumvi kwenye mchuzi, akazifunika kwa nyasi kavu tele, akarudi kwenye mikasi yake. Nimecheka hadi nikashika mbavu.

Ijumaa, 7 Machi
Roho haijatulia. Je, kinyozi akiwa na bahati? Mchana, watu walipojilaza, nikasahau makusudi kufunga zizi. Ng'ombe nikawaswaga hadi upande wake, wakazunguka weee, ardhi ikashindiliwa kama sakafu. Kisha nikazoa nyasi kavu zake zote nikazirundika juu ya nailoni yangu. Mbegu zake zibaki uchi, zangu zipate blanketi la pili. Baba Mkwe aliwakuta ng'ombe nje, akanisema sana, nikaosha zizi peke yangu. Sijali. Jioni manyunyu yakaanza. Safi, yatamalizia kuzisomba.

Alhamisi, 13 Machi
Siku mbaya. Manyunyu hayajakatika, na upande wa kinyozi ni kijani kitupu. Upande wangu nimefunua nailoni mbele ya familia nzima, ikatoka harufu iliyomfanya shemeji, mke wa kinyozi, azibe pua. Hakuna hata unyasi mmoja! Baba Mkwe akachota tope langu, akaliminya, akauliza nilikuwa napanda au nazika. Akasema mbegu ndogo kama hizi zinataka kugusana na udongo ulioshikana, kuona mwanga na kupumua. Mimi nimezifukia, nimezizamisha, halafu nimezichemsha.

Ndipo kinyozi akasimama, machozi yakimlengalenga. Akasema siku ile aliniona kupitia dirishani. Yeye alikosea kuzifunika sana, na mimi, mpinzani wake, nikaja kimyakimya kumrekebishia: nikamshindilia udongo kwa ng'ombe, nikamwondolea nyasi kavu, lawama nikabeba mwenyewe. Akanikumbatia. Wote wakapiga makofi, isipokuwa Baba Mkwe, aliyenitazama tu. Kukana ni kukiri hila yangu.

Kinyozi amepewa funguo. Mimi nimepewa cheo cha msaidizi wake, mkanyagishaji wa ng'ombe. Mke wangu amempa dada yake vipimo vya madirisha, kisha akajilaza akigeukia magunia. Hilo limeniuma kuliko funguo.

Jumatatu, 31 Machi
Nimeshaelewa kosa lilikuwa wapi. Mbegu zangu zilikuwa mbovu. Gunia lilikuwa moja, sawa, lakini mimi nilichotewa za chini.

Nyasi za kinyozi sasa zimefika magotini, na wapita njia wanasimama kuzisifu. Zimebakiwa na siku moja tu ya kuringa. Nimenoa fyekeo. Kesho akienda kunyoa vichwa vya watu, nitazikata zote, nusu nzima, akirudi akute kipara. Baba Mkwe ataninyooshea funguo mwenyewe. Nyasi zikishakatwa zimekwisha, haziwezi kuota tena.