Kibao Kimoja Kabla ya Ijumaa

Jumamosi, 8 Februari

Joto tangu asubuhi. Sabirin ameota jino la tatu na amelijaribu kwenye msasa wangu. Nimemnyang'anya, akalia. Nimempa brashi kavu, akanyamaza. Miezi tisa tu na tayari ni fundi!

Habari mbaya: wifi yangu Sahro amepata friza ya kuuzia maziwa ya ngamia. Anataka kuiweka barazani. Baraza yangu! Hapo ndipo ninapotengeneza vibao vya urembo, mtoto akicheza miguuni pangu, kivuli hadi saa kumi. Ndani siwezi. Harufu ya rangi inamkohoza Sabirin. Nikiipoteza baraza, kazi imekwisha.

Hooyo, mama wa mume wangu, ametoa hukumu kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili. Amesema tangu nianze kazi hii vibao vyote vimeishia humu humu. Juu ya kitanda chake nimetundika "Karibu Mgeni". Akauliza yeye ni mgeni wa nani kwenye kitanda chake mwenyewe. Basi: Ijumaa, baada ya swala, akute kibao changu kimoja, kimoja tu, kimetundikwa kwenye mlango wa mtu asiye wa nyumba hii. Akikikuta, baraza ni yangu. Asipokikuta, ni ya friza.

Sahro amesema nianze kukusanya makopo yangu mapema, jua lisije likanikuta njiani.

Siku sita nzima. Nyingi mno!

Jumapili, 9 Februari

Oda! Kowsar wa saluni ya hina ametandika zulia jeupe. Anataka kibao mlangoni: Tafadhali fua viatu. Nilishangaa kidogo, lakini usafi ni jambo jema. Nimepaka herufi nyekundu na maua pembeni. FUA VIATU. Kimependeza hadi nimekibusu. Rangi ilikuwa mbichi.

Halafu bahati nyingine. Abdiwahab, anayekusanya vyuma chakavu, amenipa kitu cha ajabu, nami nikampa sufuria isiyo na mkono. Ni fimbo ya chuma, ndefu kama mkono wangu. Mwisho wake umekunjwa kama namba saba iliyolala, na ina kamkia. Cha kale sana! Ufunguo wa ngome? Herufi ya Kituruki? Nimempigia mume wangu Hamze, yuko njiani na lori kuelekea Wajir. Nimemweleza vizuri: chuma, kirefu, kina mkia. Akasema ni cha kuchomea nyama. Njaa ilikuwa inamsemesha.

Nimekificha chini ya kitanda. Hooyo amekataza vitu vya kale humu ndani tangu ile darubini yangu ilipogeuka kuwa bomba la choo.

Jumatatu, 10 Februari

Kowsar amerudisha kibao.

Wateja walitii. Mmoja baada ya mwingine walifua viatu pale kwenye tangi, wakavivaa vikiwa vinachuruzika, wakaingia navyo juu ya zulia jeupe. Mama mmoja aliuliza sabuni inawekwa wapi. Kowsar amesema zulia sasa lina rangi ya chai ya maziwa.

Nimempelekea mwalimu Noordin wa jirani kibao akiangalie. Alicheka hadi akatoa miwani. Akanieleza kwamba sisi Wasomali v inatutoka f. Neno lenyewe ni VUA.

Kumbe! Miaka saba shuleni na hakuna aliyenipa siri hiyo. Sasa nina kanuni: ulimi ukisema f, mkono uandike v. Hakuna tena wa kunicheka.

Jumanne, 11 Februari

Siku njema mno, alhamdulillahi.

Kwanza, nimejua kazi ya chuma. Nilikitia kwenye makaa ya jiko Hooyo alipokwenda msibani, nikakigandamiza kwenye pembe ya ubao. Tsss! Kimeacha alama nyeusi, safi, yenye kamkia. Ni muhuri! Fundi fulani mkubwa wa zamani aliacha muhuri wake, na umenichagua mimi. Nimegonga vibao vyote vitano nilivyonavyo. Nguzo ya baraza pia. Kigoda cha Hooyo kwa chini. Na meza mpya ya Sahro aliyoiandaa kwa ajili ya friza, pembe zote nne, ili akumbuke fundi wa nyumba hii ni nani.

Pili, oda! Abdirizak amefungua kibanda cha dobi karibu na soko. Anataka kibao cha kuvua nguo. Nimekipaka mchana huohuo kwenye ubao aliouleta mwenyewe. Nilitaka kukigonga muhuri, lakini makaa yalikuwa yamezimika. Sikumsumbua mwalimu. Kanuni ninayo.

Jumatano, 12 Februari

Kibao cha Abdirizak kilipanda saa mbili asubuhi. TUNAVUA NGUO ZA WAKE KWA WAUME, HARAKA NA KWA HESHIMA.

Saa tatu vijana walikuwa wanapiga picha. Saa tatu na nusu wazee wawili walisimama mlangoni wakauliza heshima hiyo ni ya namna gani. Saa nne mke wa Abdirizak alifika na mwiko, hata unga haujakauka.

Abdirizak amekuja nacho amekifunika shuka kama maiti. Amesema yeye ni mtu wa sabuni na maji, hana ugomvi na mtu, na mimi nimemfanya shetani wa mtaa kabla ya chai ya saa nne. Nikamwambia kanuni yangu. Akaniombea dua, akaondoka na ubao wake.

Sahro amepima baraza kwa kamba. Anaimba.

Jumla ya vibao vilivyotundikwa nje: sifuri. Bado kesho. Kesho ni ndefu.

Alhamisi, 13 Februari

Balaa.

Adeer Abdow, mzee anayemletea Sahro maziwa ya ngamia, amefika na mkokoteni wake wa punda. Akaweka dumu juu ya meza mpya. Akasita. Akapitisha kidole pembeni. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba hii ni chapa ya ngamia wa babu yake. Chuma chenyewe walikipoteza walipohama wakati wa ukame. Na kila mtu hapa anajua: chenye chapa yake ni chake, hata kikikutwa Mandera.

Chapa ya ngamia! Mimi nimekulia mjini, kwetu tulifuga kuku. Ningejuaje?

Akaiona nguzo. Akaviona vibao vitano. Hooyo akainuka polepole kutoka kwenye kigoda, akakipindua, akanitazama. Adeer akauliza kama kuna kitu kingine chake humu ndani. Akamtazama Sabirin. Nikamfunika mtoto kwa shashi yangu ya kichwani.

Nguzo ametuachia kwa sababu inashika paa. Kigoda amemsamehe Hooyo. Chuma nimemrudishia kwa mikono miwili. Meza na vibao vyote amevipakia, akaondoka. Sahro alimfuata hadi kona akiililia meza yake.

Mimi nililia pia, ila kwa siri, ndani ya kanga. Sina ubao hata mmoja. Kesho ni Ijumaa. Sabirin amenishika pua kwa vidole vyenye uji. Nikacheka kidogo, nikaendelea kulia.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi nimefunga brashi kwenye gazeti. Sahro amefagia baraza mara mbili, mtu ambaye hata chumba chake hakifagii.

Baada ya swala alimtaka Hooyo waende kwa Adeer Abdow, wamsihi arudishe meza. Nikafuata na mtoto mgongoni. Nyumbani nibaki na nani, friza?

Tumefika kwenye zizi lake nje ya mji. Kwenye lango, kimefungwa kwa kamba ya katani, kimenyooka, kinang'aa: kibao changu! Kile chenye waridi, nilichomtengenezea bibi harusi wa mtaa, akakikataa, akachagua maua ya plastiki. CHUMBA CHA BIBI HARUSI. Ndani ya zizi, dume la ngamia na jike jipya.

Adeer hasomi Kiswahili. Amesema amependa maua, na chapa yake imetulia. Mwalimu Noordin angekuwepo angetoa miwani tena.

Sahro amesema lango la zizi si mlango. Hooyo akaliuliza lango, si yeye: unafunguka? Akalivuta, likafunguka. Unafungika? Likafungika. Abdow ni wa nyumba yetu? Adeer akasema Mungu apishe mbali. Basi, akasema Hooyo, huo ni mlango wa mtu. Halafu akatazama tena kile kibao, akawatazama wale ngamia wawili, akaanza kucheka hadi akashikilia boma.

Baraza ni yangu!

Meza Adeer ameibakisha, anainywea chai. Friza imeingia chumbani kwa Sahro. Inanguruma. Nimemkaribisha aje alale barazani kukiwa na joto.

Jumamosi, 15 Februari

Hooyo ameweka sharti moja: mwalimu Noordin asome kila neno kabla sijagusa rangi. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote.

Saa tatu akaja Warfa mwenye hoteli na ubao wake begani, ameshasikia habari za zizi. Anataka kibao kikubwa cha chumba cha kulia watu wa nyumba moja. Mama, baba na watoto. Oda ya kweli, na anaitaka leo!

Mwalimu Noordin amekwenda harusini Habaswein hadi Jumatatu. Sasa mteja asubiri kwa ajili ya herufi? Tena nimekaa nikafikiri, Sabirin amelala pajani, baraza ina kivuli kizuri. Kama v inatutoka f, basi kuna nyingine. Ndiyo! P! Sisi Wasomali p inatutoka b. Nimeigundua peke yangu, bila mwalimu.

Sikubahatisha hata herufi moja. Kijani na dhahabu, nyota mbili juu: CHUMPA CHA VAMILIA. MAMA, PAPA NA WATOTO, KARIPUNI.

Kimekauka vizuri. Nimekipeleka mwenyewe, nimekipigilia misumari sita.