Umri wa Kuangalia Vita

Jumatatu, 4 Machi
Cherehani inayokanyagwa bila uzi. Sauti hiyo haijanitoka tangu asubuhi. Imo kwenye filamu tuliyoletewa hapa Bodi ya Filamu tuipangie umri wa watazamaji: baba yuko vitani, na kila mabomu yakianguka mama anakanyaga cherehani ili watoto wasiyasikie. Nasema miaka kumi na minane na zaidi. Mwenzangu tuliye naye kwenye majaribio ya kazi, tunayemwita Ruksa maana hajawahi kukataa filamu, anasema hata wa miaka minane waone. Ajira ya kudumu ni moja. Mwenyekiti kasema ripoti itakayomridhisha Ijumaa ndiyo itakayombakiza mtu. Maskini Ruksa. Hana hata shahada ya pili.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Maoni anayo kila mtu. Ushahidi nitakuwa nao mimi tu. Nitamwonyesha binti wa dada, ana miaka tisa, niandike anavyoathirika. Nimemwambia dada namfundisha hesabu. Kafurahi, kasema hatimaye usomi wangu umefaa kitu. Nimelimeza hilo.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mtoto hakuathirika! Katafuna biskuti, kauliza yule baba analala wapi huko vitani, basi. Cherehani ilipoanza, nikaanza mimi. Kwikwi tupu. Akanipangusa kwa sketi yake ya shule.
“Nyamaza, mama mdogo. Anakanyaga ili wasiogope.”
Kisha akapunguza sauti ya televisheni. Yangu haikupunguzika.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kapiga simu. Mtoto kamweleza yote, kuanzia hesabu ambazo hatukuzigusa. Kaniuliza kwa upole wa kutisha: “Hivi jana nani alikuwa anamlea mwenzake?” Nikamjibu kuwa utafiti una mambo yake. Kakata.
Ofisini Ruksa kaona macho yalivyonivimba, kaniletea chai. Kasema filamu haina neno, mtoto anahitaji tu mtu mzima wa kukaa naye. Mnafiki. Chai nimeinywa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina, kama kawaida yangu. Mtafiti makini hatupi matokeo eti kwa sababu yamemwangukia mtu asiyetarajiwa. Ripoti iko mezani kwa Mwenyekiti tangu asubuhi: kumi na minane na zaidi. Ushahidi: kati ya watazamaji wawili, mmoja alilia mpaka akashindwa kula, ikabidi mwenzake ambembeleze.
Umri wa aliyelia sikuuandika.